Tuwajue Wanaowafundisha Watoto Wetu Kuogelea

Mzazi wa pwani hampeleki mtoto wake chuoni kabla hajamjua mwalimu. Huuliza alisoma kwa nani, amefundisha miaka mingapi, na majirani zake wanamsemaje. Lakini mtoto huyo huyo akitaka kujiunga na klabu ya kuogelea, maswali hayo hukoma. Mzazi huuliza ada ni kiasi gani, maji ya bwawa ni safi au si safi, na mazoezi yatakwisha saa ngapi. Jina la kocha hulisikia baadaye, mtoto anapolitaja nyumbani, na mara nyingi ni jina moja tu lisilokuwa na la baba wala la ukoo.

Jambo hili si dogo. Darasani mwalimu asiyejua kazi yake humharibia mtoto hesabu, na hesabu huweza kurudiwa mwaka unaofuata. Majini kosa la mwalimu halina mwaka unaofuata. Tena bwawani mtoto yuko na nguo chache mwilini, mbali na macho ya wazazi wake, chini ya amri ya mtu mzima anayemshika mkono, kiuno na shingo ili kumfundisha kuelea. Ni vigumu kupata kazi nyingine inayomtaka mzazi aweke amana kubwa kiasi hicho mikononi mwa mtu asiyemjua.

Hatusemi haya kwa nia ya kuzivunja moyo klabu zetu. Kinyume chake, twazitaka ziongezeke. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa Desemba 2024 inakadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni, na zaidi ya asilimia 90 ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Karibu robo ya waliokufa walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5. Kwa watoto wa miaka 5 hadi 14, kufa maji ni sababu ya tatu miongoni mwa sababu kubwa za vifo. Umoja wa Mataifa uliliona jambo hili kuwa zito kiasi cha kuitenga, mwaka 2021, tarehe 25 Julai ya kila mwaka kuwa siku ya kukumbushana juu ya kuzuia vifo vya majini.

Sisi hatuhitaji kukumbushwa na mtu wa mbali. Taifa letu lina tarehe zake za msiba: MV Bukoba katika Ziwa Victoria, 21 Mei 1996, MV Spice Islander kati ya Unguja na Pemba, 10 Septemba 2011, MV Skagit karibu na Chumbe, 18 Julai 2012, MV Nyerere karibu na Ukara, 20 Septemba 2018. Ajali hizo zina sababu zake, na nyingi kati yake zilitokana na vyombo kubeba kupita uwezo wake, jambo ambalo ujuzi wa kuogelea peke yake hauwezi kulitibu. Lakini mbali na misiba hiyo mikubwa inayotangazwa na redio, viko vifo vya mmoja mmoja ambavyo havitangazwi: mtoto aliyefuata mpira ufukweni maji yakijaa, mtoto aliyeteleza kisimani, mtoto aliyekwenda kuoga kwenye dimbwi la machimbo baada ya mvua. Hao ndio ambao kuogelea kungeweza kuwaokoa.

Kwa hiyo klabu ni za lazima. Na kwa kuwa ni za lazima, haifai ziendeshwe kwa kubahatisha. Swali letu leo ni hili: mtu anayesimama ukingoni mwa bwawa, filimbi mdomoni, akiwaamrisha watoto 20 waingie majini, ametoka wapi, anajua nini, na mwenendo wake ni wa namna gani?

Tuanze na asili ya ujuzi wake, maana hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Wapo wanaodhani kwamba kocha mzuri ni yule aliyewahi kushinda medali. Wapo wanaodhani ni yule aliyetoka ng'ambo. Na wapo, hasa huku kwetu, wanaosema kwamba mtoto wa mvuvi aliyezaliwa mchangani hahitaji kufundishwa kufundisha, kwa kuwa bahari ni kwao. Dhana zote tatu zina chembe ya ukweli, lakini hakuna hata moja inayotosha.

Mwaka 1937, katika kisiwa cha Maui huko Hawaii, mwalimu wa shule ya msingi aitwaye Soichi Sakamoto alianzisha klabu ya watoto wa vibarua wa mashamba ya miwa. Watoto hao hawakuwa na bwawa. Walijifunza katika mfereji wa kumwagilia maji mashamba, wakiogelea kinyume cha mkondo. Sakamoto mwenyewe hakuwa muogeleaji hodari. Alikuwa mwalimu: aliyajua majina yao, aliwatazama kwa makini, aliandika, alipima, na alibadilisha mafunzo kila alipoona hayafai. Aliwaambia kwamba wataogelea kwa miaka mitatu hadi Olimpiki ya 1940. Vita viliifuta michezo hiyo, lakini mmoja wa wanafunzi wake, Bill Smith, alipata medali mbili za dhahabu huko London mwaka 1948. Mtu aliyekuwa akitafuta medali za kocha asingempa Sakamoto kazi.

Hapa Afrika tunaye Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta. Alikwenda Sydney mwaka 2000 akiwa amejifunza kuogelea kwa miezi michache tu, na hakuwa amewahi kuliona bwawa la mita 50. Aliogelea mita 100 kwa dakika 1 na sekunde 52.72, na ulimwengu ukacheka kabla haujamshangilia. Mwaka 2012 alifanywa kocha wa timu ya taifa lake. Mtu aliyeyajua maji akiwa mtu mzima, aliyeionja hofu ya kuishiwa pumzi mbele ya umati, ana jambo la kumwambia mtoto anayeogopa. Bingwa aliyeanza kuogelea akiwa na miaka 3 huenda hofu hiyo haijui kabisa.

Mfano ulio karibu zaidi na hali yetu unatoka Bangladesh. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwalinganisha watoto wa miaka 4 hadi 12 waliofundishwa kuogelea na wenzao ambao hawakufundishwa, ukaona kwamba hatari ya kufa maji kwa waliofundishwa ilipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Waliofundisha hawakuwa mabingwa wala wageni. Walikuwa vijana wa vijiji hivyo hivyo, waliopewa mafunzo maalumu, wakifundishia katika madimbwi ya kijiji yaliyowekewa jukwaa la mianzi. Kwa hiyo kijana wa mvuvi wa hapa kwetu ana haki ya kufundisha, maadamu naye amefundishwa kazi hiyo.

Na kazi hiyo ina elimu yake. Kuogelea ni jambo moja, kufundisha kuogelea ni la pili, na kuokoa ni la tatu. Mtu aweza kuwa hodari katika moja na asijue lolote katika mengine mawili. Kocha anayetazama saa na kuhesabu mizunguko ya waogeleaji wanne hawezi wakati huo huo kuwa mlinzi wa watoto 16 waliobaki. Anayezama si yule anayepiga kelele kama waonavyo watu katika sinema; mara nyingi huzama kimya, kinywa kikiwa usawa wa maji, kwa kuwa hana pumzi ya kupigia kelele. Mwenzake aliye hatua mbili huweza kudhani anacheza. Ndiyo maana pawe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kutazama tu, bila filimbi ya mashindano wala simu mkononi.

Mtoto akitolewa majini hapumui, ubongo wake hauna muda mrefu wa kungojea. Madhara huanza katika dakika chache. Kocha asiyejua kumpulizia pumzi mdomoni na kumkandamiza kifua, papo hapo, bila kusubiri gari, atakuwa shahidi tu wa kifo. Wazee wetu walikuwa na desturi ya kumbeba aliyezama kichwa chini ili maji yatoke. Desturi hiyo huchelewesha pumzi, nayo pumzi ndiyo dawa. Huu ni ujuzi wa siku chache kuupata, lakini lazima urudiwe, kwa kuwa mikono husahau.

Liko na jambo jingine ambalo kocha asiyesoma huligeuza kuwa mchezo: mashindano ya kukaa chini ya maji. Watoto huvuta pumzi haraka haraka mara nyingi, kisha huzama waone ni nani atakayekaa zaidi. Mwili wa binadamu huhimizwa kupumua na wingi wa hewa ya kaboni iliyomo katika damu, si na upungufu wa oksijeni. Anayepumua haraka huiondoa kaboni hiyo, na hivyo ule msukumo wa kutaka kupumua huchelewa, hali oksijeni inazidi kupungua. Mtoto huzimia chini ya maji bila kuonyesha dalili yoyote, na wenzake wakiwa juu wanahesabu sekunde. Kocha anayeanzisha mashindano hayo hana nia mbaya. Hakufundishwa tu. Na kutofundishwa kwake ndiyo habari ambayo mzazi alistahili kuipata kabla ya kulipa ada.

Baada ya kuyajua maji, kocha awajue watoto. Bob Bowman, aliyemfundisha Michael Phelps wa Marekani tangu Phelps alipokuwa na miaka 11, alisomea chuo kikuu elimu ya nafsi na makuzi ya binadamu. Hatudai shahada kwa kila kocha wa mtaani. Twataka ajue kwamba mtoto wa miaka 6 si mtu mzima mdogo. Kwamba baridi humshika upesi. Kwamba kumtupa majini kwa nguvu ili azoee humfundisha hofu, na hofu hiyo huenda asiiache maisha yake yote. Kwamba fimbo na matusi havimfanyi mtu aelee. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga, lakini hawakusema mvunje.

Sasa tufike penye uzito zaidi, mahali ambapo adabu yetu hutufanya tunyamaze. Kocha awe na ujuzi wote huo, na bado asiwe mtu wa kuachiwa watoto. Mchezo huu wa kuogelea umewahi kutoa ushahidi mchungu katika nchi zilizoendelea, zenye vyama vya siku nyingi na mabwawa ya fahari. Nchini Uingereza, mtu aliyekuwa kocha wa waogeleaji wa taifa katika Olimpiki ya Seoul ya 1988 alihukumiwa mwaka 1995 kifungo cha miaka 17 kwa kuwabaka na kuwadhalilisha wasichana aliokuwa akiwafundisha. Nchini Ireland, kocha mwingine aliyewahi kuongoza waogeleaji wa nchi yake kwenye Olimpiki alifungwa mwaka 1998 kwa makosa ya namna hiyo, na serikali ikaagiza uchunguzi ulioongozwa na mwanasheria Roderick Murphy. Nchini Marekani, chama cha kuogelea kilianza mwaka 2010 kuchapisha hadharani orodha ya watu waliopigwa marufuku ya maisha, na humo mlikuwamo makumi ya majina.

Tukiyatazama mashauri hayo, twaona mambo mawili yakirudi. La kwanza ni kwamba watu hao hawakuwa wahuni wa kutiliwa shaka. Walikuwa watu wa heshima, wenye medali ukutani, waliopendwa na wazazi. Sifa zao za mchezo ndizo zilizokuwa pazia lao. La pili ni kwamba mara kwa mara palikuwapo watu waliosikia fununu wakanyamaza, ama kwa kuchelea aibu ya klabu, ama kwa kutaka ushindi, ama kwa kudhani kwamba kumhamisha mtu kimya kimya ndiko kumaliza tatizo. Mtu anayeondolewa klabu moja bila maneno hupokewa klabu ya pili kwa mikono miwili. Aliyeondoa uchafu mlangoni kwake akautupa mlangoni kwa jirani hakufagia.

Asitokee mtu akasema kwamba hayo ni ya Wazungu. Utafiti wa kitaifa uliofanywa Tanzania mwaka 2009 uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24 juu ya yaliyowapata utotoni. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Hatutaji tarakimu hizo kwa kuwanyooshea kidole makocha wa kuogelea, maana utafiti huo ulihusu maisha yote ya mtoto: nyumbani, njiani na shuleni. Twazitaja kwa kuwa bwawa haliko nje ya jamii yetu. Ukuta wake si mrefu kiasi cha kuyazuia yaliyoko mtaani yasiingie.

Dawa ya kwanza ni kuuliza. Kila mtu mzima anayetaka kufundisha watoto aonyeshe cheti cha polisi cha tabia njema. Aidha, aeleze bila kuruka mwaka mahali alipofanya kazi kabla ya hapo, na viongozi wa klabu wapige simu huko, wazungumze na mtu aliyemsimamia, waulize kwa maneno ya wazi: Kwa nini aliondoka? Je, ungempa kazi hiyo tena? Swali hilo la pili limefichua mengi kuliko barua nyingi za sifa.

Lakini tusijidanganye. Cheti cha polisi huonyesha yale tu yaliyofika mahakamani. Mengi hayafiki. Kwa sababu hiyo klabu haina budi kuwa na kanuni za kila siku zinazomlinda mtoto hata dhidi ya mtu ambaye rekodi yake ni nyeupe kama pamba. Watu wazima wawili wawepo wakati wote wa mazoezi. Kocha asibaki peke yake na mtoto katika chumba kilichofungwa, wala asimchukue peke yake katika gari. Vyumba vya kubadilishia nguo visiwe mahali pa makocha kupita, wala simu zenye kamera zisiingizwe humo. Safari za mashindano ziwe na mzazi, na kama wapo wasichana, awepo mama. Ujumbe wa kocha kwa mtoto upitie simu ya mzazi. Mzazi akitaka kukaa kitako kutazama mazoezi, asifukuzwe kwa kisingizio kwamba anawatia watoto aibu. Kocha mwema hapungukiwi kitu kwa kanuni hizi. Zinamlinda yeye pia, maana siku fitina itakapomzukia atakuwa na mashahidi.

Kuhusu wasichana tungependa kuongeza neno. Wazazi wengi wa pwani na visiwani huwazuia binti zao wasijifunze kuogelea, si kwa kuichukia elimu hiyo, bali kwa kutoridhika na mavazi na na mwanamume anayefundisha. Wasiwasi huo wa stara usidharauliwe, utafutiwe jibu. Kijijini Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje ulilipata jibu hilo: wasichana walipewa mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili mzima, na wanawake wa hapo hapo wakafundishwa kuwa waalimu. Picha zilizopigwa na Anna Boyiazis zikionyesha mafunzo hayo zilitunukiwa katika mashindano ya World Press Photo ya mwaka 2018, lakini tuzo iliyo kubwa zaidi ni ya mama anayemwona binti yake akielea chali juu ya maji yale yale ambayo bibi yake aliishi kando yake maisha yote bila kuyaingia. Mlango huo ulifunguliwa na habari moja tu iliyowafikia wazazi: kwamba anayefundisha ni nani.

Tunajua pingamizi zitakazoletwa. Itasemwa kwamba makocha ni wachache, na tukiwasumbua kwa vyeti na maswali watakimbia, na klabu zitafungwa, na watoto watarudi kuzama. Hoja hii ina uzito, nasi hatuipuuzi. Lakini tuitazame vizuri. Kupiga simu mbili hakugharimu ada ya mwezi. Kanuni ya watu wazima wawili hailipiwi kodi; mzazi mmoja wa zamu kila Jumamosi anaitimiza. Mafunzo ya kuokoa na ya huduma ya kwanza yanaweza kufanywa kwa pamoja na klabu tatu au nne zikichangia. Mtu anayekimbia kwa sababu ameulizwa alifanya kazi wapi mwaka juzi, kukimbia kwake ni jibu.

Itasemwa pia kwamba kumhoji mzee mwenye mvi, aliyewatoa watu baharini tangu ujana wake, ni kumvunjia heshima. La hasha. Kuuliza si ujinga, wala si tusi. Ukiulizwa na klabu kila mtu, mdogo kwa mkubwa, mwenyeji kwa mgeni, hakuna anayedhalilika. Dhila huja pale anapoulizwa maskini na kuachwa tajiri, anapoulizwa mvuvi na kuachwa mgeni aliyeshuka na ndege juzi kujitolea kwa wiki tatu. Huyo mgeni naye, hata awe na moyo mzuri namna gani, alete cheti cha tabia njema kutoka kwao na jina la klabu aliyofundisha. Kutoka mbali si sifa, na kujitolea si hati ya kuwaacha watu wasiulize.

Na tuonye upande wa pili pia. Hatutaki ushauri huu ugeuzwe kuwa ruhusa ya kusengenya. Kocha akishukiwa, jambo lake lisipelekwe barazani wala kwenye magenge ya simu. Lipelekwe panapohusika. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania Bara inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto, na inamtwisha kila mwanajamii mwenye habari za haki za mtoto kukiukwa wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Zanzibar nayo ina Sheria ya Watoto ya mwaka 2011. Ipo pia simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, isiyolipiwa. Viongozi wa klabu si polisi wala mahakimu. Kazi yao ni kumweka kando anayetuhumiwa mpaka uchunguzi ukamilike, kumsikiliza mtoto bila kumkemea, na kutoa taarifa siku hiyo hiyo.

Kwa maoni yetu, mambo matatu yaanzwe bila kungoja fedha za mtu. Kwanza, kila klabu ibandike ukutani, karibu na mlango, ubao wenye majina kamili ya makocha wake, mafunzo waliyopata, tarehe waliyofanya mara ya mwisho mafunzo ya kuokoa, na jina la mzazi anayepokea malalamiko. Mzazi anayejua kusoma ataisoma, na asiyejua atasomewa na mwanawe. Pili, shule na hoteli zinazokodisha mabwawa zisimpe mtu bwawa kwa ajili ya watoto mpaka aonyeshe hati hizo. Mwenye bwawa asiseme kwamba yeye anauza maji tu. Tatu, Baraza la Michezo la Taifa kwa upande wa Bara, na wenzao wa Visiwani, wakishirikiana na vyama vya kuogelea, wahakikishe kwamba daftari la makocha wa watoto linapatikana kwa kila mzazi anayetaka kulitazama, na kwamba mtu aliyefungiwa mji mmoja hafungui filimbi mpya mji wa pili.

Wananchi, ukiyavulia maji nguo sharti uyaoge. Tumeamua kwamba watoto wetu wajifunze kuogelea, na uamuzi huo ni mwema. Basi tuutimize kikamilifu. Jumamosi ijayo, mzazi anapomfikisha mtoto bwawani, asimwache langoni na kuondoka. Aingie, atoe salamu, ajitambulishe kwa kocha, na amwulize kwa upole mambo matatu: jina lake kamili, alipofundishia kabla ya hapo, na nini atakachofanya mtoto akitolewa majini hapumui. Kocha anayestahili atafurahi kuulizwa, na huenda akashangaa kwamba hakuna aliyemwuliza kabla ya siku hiyo.